Benz ya Wasio Wabenzi: Historia ya Mercedes 190

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo hata waandishi wa Kiingereza wanaoandika siasa za Afrika wameliazima bila kulitafsiri: Wabenzi. Limeundwa kama yalivyoundwa Wahaya, Wasukuma au Wakamba. Unachukua "wa-", unabandika kwenye Benz, unapata kabila jipya. Lilianza kusikika Afrika Mashariki miaka ya 1960, bendera zikiwa bado mpya, watu walipoona kwamba baadhi ya waliokuwa wakihutubia habari za usawa walikuwa wakishuka jukwaani na kuingia kwenye Mercedes nyeusi. Kabila hili halikuwa na ardhi wala lugha yake. Lilikuwa na gari.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu linaonyesha jinsi gari linavyoweza kuwa cheo. Mwenye Benz alijulikana kuwa ni nani kabla hajafungua mlango. Sasa swali letu la leo ni hili: kampuni ambayo jina lake limegeuka kuwa tabaka la watu inafanya nini siku inapolazimika kuuza gari kwa watu wasio wa tabaka hilo? Inakata nini ili gari liwe dogo na bei ishuke? Na inaacha nini?

Jibu lipo kwenye historia ya gari moja lililozinduliwa Ujerumani Magharibi tarehe 8 Desemba 1982, Mercedes 190. Kiwandani liliitwa W201. Wamarekani walilipa jina la utani, Baby Benz, yaani Benz kichanga.

Nikiri mapema kwamba mimi nasoma uhandisi mitambo, kwa hiyo historia nitakayoisimulia ina vyuma vingi kuliko mabosi. Na shauku yangu ilianzia chini ya gari, si darasani. Mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilikuwa nashinda kwenye gereji moja Ilala wakati wa likizo. Siku hiyo ililetwa 190 E kuukuu, rangi imepauka, viti vimechanika. Nikakimbilia kufungua boneti kama wafanyavyo wanafunzi wote. Fundi akanicheka. "Dogo, huko mbele achana nako. Pita huku nyuma, inama." Nikainama. Nyuma ya kila tairi nikaona fimbo tano za chuma, kila moja imeelekea upande wake, kama mtu aliyetupa vijiti chini. Nikauliza kwa nini tano. Fundi akasema, "Hapo ndo pesa ya mteja ilipofichwa." Sikumwelewa mpaka miaka kadhaa baadaye, na makala hii ni maelezo marefu ya sentensi yake hiyo.

Mafuta yapanda, sheria zaja

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mercedes-Benz haikuwa na gari dogo. Ilikuwa na S-Class kwa wakubwa, magari ya michezo kwa wenye ukwasi, na sedani za kati ambazo nchini Ujerumani zilitumiwa na madaktari, wakulima wenye mashamba makubwa na madereva wa teksi. Huo ukubwa wa kati ndio ulikuwa ngazi ya chini kabisa ya nyumba yao. Hapakuwa na ngazi nyingine chini yake.

Kisha ukaja Oktoba 1973. Vita vilipozuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilikata usambazaji kwa Marekani na baadhi ya washirika wake, na hadi Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda karibu mara nne. Ujerumani Magharibi ilipiga marufuku magari binafsi barabarani kwa Jumapili nne, ya kwanza ikiwa tarehe 25 Novemba 1973. Watu walitembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu ambazo kwa kawaida hazikuwa na kikomo cha kasi. Kwa taifa linaloishi kwa kuuza magari, ile picha ilitisha.

Lakini kilichoibana Mercedes zaidi kilitoka ng'ambo. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nishati iliyosema hivi: hatutapima gari moja moja, tutapima wastani wa magari yote unayouza hapa. Kuanzia magari ya mwaka 1978 wastani huo ulitakiwa ufike maili 18 kwa galoni, na kufikia 1985 uwe maili 27.5. Kwa lugha ya vituo vyetu vya mafuta, hiyo ni kutoka karibu kilomita 7.7 kwa lita hadi karibu kilomita 11.7 kwa lita. Ukishindwa, unalipa dola 5 kwa kila sehemu ya kumi ya maili unayopungukiwa, kwa kila gari ulilouza.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme kampuni imepungukiwa maili 4 tu. Hizo ni sehemu 40 za kumi, mara dola 5, unapata dola 200 kwa kila gari. Ukiuza magari 50,000 kwa mwaka, faini ni dola milioni 10. Na faini hiyo inarudi mwaka unaofuata, na unaofuata.

Uzuri wa sheria ya wastani, au ubaya wake ukiwa upande wa Mercedes, ni kwamba huwezi kuutimiza kwa kurekebisha gari kubwa peke yake. Lazima uwe na gari jepesi la kuupandisha. Njia moja waliyoitumia ilikuwa dizeli. Mwaka 1978 walianza kuuza Marekani S-Class yenye injini ya dizeli, jambo ambalo miaka michache nyuma lingeonekana kichekesho. Njia ya pili ilikuwa kuzaa mtoto mdogo.

Kulikuwa na sababu nyingine karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1975 majirani zao wa Munich, BMW, walitoa 3 Series, sedani ndogo ya kijana mwenye kazi nzuri. Iliuzika sana. Mercedes waliona wateja wao wa kesho wakizoea stelingi ya mtu mwingine.

Hofu ya kushusha jina

Unaweza kudhani kutengeneza gari dogo kwa kampuni inayoweza kutengeneza kubwa ni kazi rahisi. Kiufundi siyo, na kibiashara ni kucheza na moto. Wote waliokuwa kwenye biashara hii walikuwa wakikumbuka mfano wa Packard.

Packard ya Detroit ilikuwa kwa Wamarekani wa miaka ya 1920 vile Mercedes ilivyokuja kuwa kwetu. Ulipokuja Mdororo Mkuu, wateja wake matajiri wakapungua, na mwaka 1935 kampuni ikatoa gari la bei ya chini lililoitwa One Twenty, bei ya kuanzia ikiwa dola 980. Mwaka wa kwanza yaliuzwa karibu 25,000. Kampuni ikapona. Wengine wengi waliong'ang'ania magari ya kifahari peke yake walikufa katika muongo huo huo. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia Cadillac ikakalia kiti cha juu, na jina la Packard likatoweka kabisa mwaka 1958. Wanahistoria wa magari wanabishana hadi leo: je, gari la bei nafuu liliiokoa Packard, au lilianza kuiua polepole kwa kumzoesha kila mtu jina ambalo thamani yake ilikuwa katika uadimu? Mimi nadhani liliiokoa, kwa sababu maiti haihitaji heshima ya jina. Lakini naelewa kwa nini wakubwa wa Stuttgart walisitasita.

Mtu aliyepewa kazi ya kulivisha gari jipya sura alikuwa Bruno Sacco, Mwitaliano aliyezaliwa Udine mwaka 1933, aliyejiunga na kampuni mwaka 1958 na kuongoza idara ya usanifu kuanzia 1975. Sacco alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, magari yote ya kampuni kwa wakati mmoja yafanane kama ndugu wa tumbo moja. Ya pili, gari jipya lisilifanye lililotangulia lionekane limezeeka ghafla. Ukizitazama vizuri utaona kanuni hizo zinajibu ile hofu ya Packard. Mdogo akifanana na kaka yake, hakuna anayesema huyu ni mtoto wa kambo. Na mwenye gari la zamani hajisikii ameachwa.

Gari lililotoka lilikuwa na urefu wa mita 4.42, pungufu ya sedani ya kati kwa kama sentimita 30, na jepesi kuliko hiyo kwa zaidi ya kilo 200. Walilipunguza uzito kwa kutumia vyuma imara zaidi, ili bati jembamba lifanye kazi ya bati nene. Umbo lake lilikuwa na kigezo cha ukinzani wa hewa cha 0.33, ambacho kwa sedani ya 1982 kilikuwa kizuri sana. Hii si namba ya kujivunia tu. Kani ya hewa inayokurudisha nyuma hupanda kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakusukuma mara nne, na nguvu ambayo injini inatakiwa kutoa kuishinda inapanda mara nane. Kwa taifa linaloendesha kilomita 150 kwa saa kwenda kazini, umbo la bati ni sehemu ya tangi la mafuta.

Hata jina lina historia yake. Wakati ule tarakimu kwenye buti la Mercedes zilimaanisha ukubwa wa injini, na injini ya gari hili ilikuwa ya lita 2.0. Kwa haki lilipaswa kuitwa 200. Lakini sedani ya kati iliyoitwa 200 ilikuwapo tayari. Mdogo asingeweza kuitwa jina moja na kaka yake, basi wakampunguzia kumi.

Walichokata

Sasa tuje kwenye kisu. Ukiingia kwenye 190 ya kwanza kabisa, ile ya chini yenye kabureta na nguvu farasi 90, unajiuliza kama umekosea gari. Redio hakuna, unalipia. Vioo vya milango unazungusha kwa mkono. Saiti mira ya upande wa abiria ni ya kulipia. Kwenye dashibodi, mahali pa kupima mizunguko ya injini, kuna saa kubwa ya ukutani, karibu niseme. Gia nne. Waipa ni moja tu katikati ya kioo. Kiti cha nyuma kina nafasi finyu kiasi kwamba mtu mrefu anakaa magoti yakiwa jirani na kidevu.

Waandishi wa magari Ujerumani walilalamika. Kwa ukubwa wake lilikuwa ghali, kwa bei yake lilikuwa tupu. Na tuwe wakweli hapa, neno "nafuu" lina wenyewe. Marekani 190 ya mwaka 1984 iliuzwa zaidi ya dola 20,000, pesa ambayo ingekununulia gari la kawaida na chenji nzuri ikabaki. Ilikuwa nafuu ya Mercedes, kama vile kuna vyumba vya bei nafuu kwenye hoteli za ufukweni.

Kwa hiyo pesa ilikwenda wapi? Rudi chini ya gari uiname.

Kwa nini fimbo tano

Hebu chukua kifuniko cha chupa ukishike hewani. Unaweza kukisogeza kwa njia ngapi? Mbele na nyuma, hiyo moja. Kushoto na kulia, mbili. Juu na chini, tatu. Halafu unaweza kukizungusha kwenye kila mojawapo ya mielekeo hiyo mitatu. Jumla sita. Kila kitu kigumu duniani, liwe jiwe au meli, kina njia sita za kusogea, hakuna ya saba.

Sasa fikiria kile kipande cha chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Tunataka kifanye kitu kimoja tu: kipande na kushuka barabara inapokuwa na mashimo. Hatutaki kiende mbele na nyuma, hatutaki kilale upande, na zaidi ya yote hatutaki kijigeuze kidogo kama tairi la mbele linavyokata kona. Gurudumu la nyuma likijigeuza lenyewe katikati ya kona, mkia wa gari unatoka nje, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha.

Mifumo ya zamani ilitumia mkono mmoja mnene wa pembetatu kwa kila gurudumu. Ni rahisi na ni imara, lakini una tabia mbaya. Gurudumu linapopanda, mkono unachora tao, na gurudumu linainama na kujigeuza kidogo kufuata tao hilo. Dereva akiingia kona kwa kasi, akashtuka, akaachia mafuta ghafla, uzito unaruka mbele, sehemu ya nyuma inanyanyuka, magurudumu yanajigeuza wakati mbaya kuliko wote.

Wahandisi wa Mercedes walifikiri hivi: fimbo moja yenye kiungo kinachocheza huku na huku inazuia njia moja tu ya kusogea, ile ya kwenye urefu wake. Kitu kina njia sita. Tunataka ibaki moja. Sita toa moja ni tano. Basi fimbo tano, kila moja imepangwa hewani kwa pembe yake mahususi, ili kwa pamoja ziruhusu gurudumu lipande na kushuka huku limesimama vilevile na kutazama mbele vilevile. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha sita ataielewa. Kazi ngumu ilikuwa kuchagua pembe. Ukisogeza fimbo moja milimita chache, tabia ya gari zima inabadilika, na walipitia michoro na majaribio mengi mno kabla ya kuridhika.

Hii ndiyo hoja ambayo fundi wa Ilala aliielewa kabla yangu. Hakuna mteja duniani aliyeingia duka la magari mwaka 1982 akasema nataka fimbo tano nyuma. Hazionekani. Haziwezi kusifiwa kwa jirani. Redio inaonekana, na redio ndiyo iliyokatwa. Mercedes waligawa gari pande mbili: vinavyoonekana na visivyoonekana, na kisu kikapita upande wa vinavyoonekana. Tena mfumo ule haukuwa umeshushwa kutoka kwenye gari kubwa. Ulianza kwa mtoto, kisha ukapanda kwenda kwa sedani mpya ya kati iliyotoka miaka miwili baadaye. Kaka alirithi nguo za mdogo.

Nisiwasifu kupita kiasi. Breki zisizofunga magurudumu, ambazo kampuni ilikuwa nazo kwenye S-Class tangu 1978, kwa mnunuzi wa 190 zilikuwa za kulipia zaidi. Kisu hakikuwa na huruma kila mahali.

Kichanga chakua

Mwaka 1983 ikaja 190 D, dizeli ambayo injini yake ilifunikwa pande zote ili kelele zisitoke. Wajerumani waliiita dizeli inayonong'ona. Mwaka huo huo, Agosti, magari matatu ya aina mpya yenye vali 16, iliyoundwa pamoja na Cosworth ya Uingereza, yalipelekwa kwenye barabara ya duara ya Nardò kusini mwa Italia. Yalizunguka usiku na mchana kwa zaidi ya saa 201. Umbali ulikuwa kilomita 50,000, zaidi ya kuizunguka dunia kwenye ikweta, kwa wastani wa kilomita 247.94 kwa saa, vituo vya kujaza mafuta vikiwa vimehesabiwa humo.

Mei 1984, uwanja mpya wa Nürburgring ulipofunguliwa, kampuni iliwaalika madereva mashuhuri washindane wakiwa na 190 zinazofanana. Wa kwanza kumaliza hakuwa yeyote kati ya mabingwa wa dunia. Alikuwa kijana wa Brazil wa miaka 24, katika msimu wake wa kwanza wa Formula 1, jina lake Ayrton Senna. Niki Lauda alimaliza wa pili. Miaka minane baadaye, 1992, Klaus Ludwig alitwaa ubingwa wa mbio za magari ya kawaida za Ujerumani akiwa na 190 iliyofungwa bawa kubwa nyuma kama meza.

Mwaka 1988 kampuni ilisikiliza malalamiko, ikaongeza nafasi kiti cha nyuma. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1993, jumla ya 190 zilizotengenezwa ilikuwa karibu milioni 1.88. Mrithi wake alipewa jina ambalo leo unalisikia kila kona ya Dar es Salaam na Nairobi: C-Class. Kila C-Class unayoiona kwenye foleni ni mjukuu wa ile ngazi ya chini waliyoogopa kuijenga.

Ngazi ya chini zaidi

Hadithi ingeishia hapa ningesema kampuni ilijifunza somo. Lakini mafanikio yana tabia ya kumfanya mtu ashuke ngazi nyingine. Mwaka 1997 Mercedes ilitoa gari dogo zaidi, A-Class, lenye urefu wa mita 3.6 hivi. Safari hii pia kulikuwa na akili nyingi mahali pasipoonekana. Sakafu ilikuwa na tabaka mbili, ili gari likigongwa mbele injini iteleze chini ya miguu ya abiria badala ya kuwaingilia. Wazo zuri sana. Lakini sakafu ya tabaka mbili inawanyanyua abiria. Gari likawa fupi, jembamba na refu kwenda juu.

Fizikia yake ni hii. Kwenye kona, msuguano wa matairi unalivuta gari upande mmoja, na uzito wa juu unataka kwenda upande mwingine. Gari litapinduka pale mchapuko wa upande unapozidi nusu ya upana kati ya matairi ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kwa mfano, upana wa mita 1.5 na kitovu cha uzito kilicho sentimita 60 juu: 0.75 gawanya kwa 0.6, unapata 1.25 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Tairi la kawaida haliwezi kushika zaidi ya kama 0.9. Kwa hiyo gari hilo litateleza kabla ya kupinduka, na kuteleza ni afadhali. Sasa pandisha kitovu, jaza abiria na mizigo, kisha kata stelingi kushoto na mara moja kulia, ili mbembeo wa kwanza uongezee wa pili kama mtoto kwenye pembea. Ule mwanya kati ya kuteleza na kupinduka unaliwa.

Tarehe 21 Oktoba 1997, wiki chache baada ya uzinduzi, mwandishi wa jarida la Teknikens Värld la Sweden alifanya jaribio hilo hilo. Waswidi hulifanya kwa magari yote kwa sababu wana mnyama mkubwa wa kaskazini, mwenye uzito wa kilo mamia, anayeibuka ghafla barabarani. Unakata kushoto kumkwepa, unarudi kulia kukwepa gari linalokuja. Kwa kasi ya takriban kilomita 60 kwa saa, A-Class ilipinduka.

Habari ilisambaa duniani. Kampuni kwanza ilijitetea, kisha ikasimamisha uuzaji kwa karibu wiki 12. Walibadili springi na matairi, halafu wakafanya jambo kubwa zaidi: wakafunga kwenye kila A-Class, bila malipo ya ziada, mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisipoteze mwelekeo, unaoitwa ESP. Mfumo huu ulikuwa umetoka kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kwenye gari lao la bei mbaya. Vihisi vyake vinapima stelingi imekatwa kiasi gani na gari kweli linageuka kiasi gani. Viwili hivyo visipolingana, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kukamata breki ya gurudumu moja tu, lile linalohitajika, kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa kampuni yoyote kusema teknolojia hii ni ya magari makubwa. Ikiwa ndogo kabisa ya Mercedes inayo, kwa nini ya kwako haina? Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa aina mpya za magari kuanzia Novemba 2011, na kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Marekani ililazimisha kwenye magari mapya mwaka 2011.

Kwa hiyo?

Ukiweka magari haya mawili pamoja unaona nini? Gari la bei nafuu kutoka nyumba ya kitajiri ni swali la kisu. 190 ilikata redio ikaacha fimbo tano, na ikadumu hadi ikaonekana Ilala ikiwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu. A-Class ilidhani imekata vizuri, kumbe kilichokosekana kilikuwa hapo hapo pasipoonekana. Kampuni ilipolazimika kurekebisha, ilishusha usalama wa tajiri hadi kwa mnunuzi wa mwisho kwenye foleni, na baadaye sheria ikausambaza kwa wote.

Sisi wengi tunanunua magari yaliyokwishatumiwa, na tunayanunua kwa macho. Rangi, viti, skrini, nembo. Nimeshuhudia mtu akizunguka gari mara tatu akipapasa bati, na hakuinama hata mara moja. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, iwe Benz au Vitz, fanya mambo mawili. Washa swichi kabla ya kuwasha injini, uone kama kwenye dashibodi kinawaka kijitaa chenye picha ya gari lenye alama za kuserereka nyuma yake, kisha kizime injini ikishawaka. Kikiwapo na kikizima, mfumo wa kuzuia kuserereka upo na haujaripoti hitilafu. Kisha mwombe fundi wako alinyanyue gari, akutazamie bushi na viungo vya nyuma.

Muuzaji atakuambia redio yake ni nzuri sana. Mwambie asante, kisha inama.